Msaada Hauji kwa Mkupuo

Ubishi wa kama aliyebomokewa nyumba ajitegemee au aingoje serikali huwa mkali zaidi kwa watu ambao hawajabomokewa. Aliye kwenye tope hana nafasi ya kuchagua upande. Atahitaji jasho lake na atahitaji mkono wa serikali, na kinachomsumbua ni mpangilio: kipi kitangulie, karatasi ipi ioneshwe wapi, na pesa ipi ikiingia itaizibia njia nyingine. Ukifanya kazi ya kusajili waathirika na kukagua nyumba, unaona jambo lilelile kila mara. Kaya mbili za mtaa mmoja, hasara zao zinalingana, mwaka ukipita moja ina paa na nyingine bado iko chini ya turubai. Ukifuatilia unakuta ile ya kwanza iliweka kumbukumbu tangu mwanzo na ilijua mapema msaada utaishia wapi.

Kwani msaada una mwisho, na mwisho huo huwa karibu kuliko watu wanavyodhani. Japani ina sheria ya mwaka 1998, iliyotokana na machungu ya tetemeko la Kobe la 1995, inayotoa ruzuku kwa kaya zilizopoteza makazi. Kiwango cha juu ni yeni milioni 3: milioni 1 kwa nyumba kuangamia, kisha milioni 2 kwa anayejenga au kununua upya. Anayekarabati huongezewa milioni 1 tu, na anayehamia nyumba ya kupanga ya mtu binafsi huongezewa yeni 500,000. Anayeishi peke yake hupata robo tatu ya viwango hivyo. Hiyo ni nchi tajiri, inayoishi na matetemeko miaka yote, na bado fedha hiyo haimalizi nyumba. Nepali nayo, baada ya tetemeko la 25 Aprili 2015, ilipanga rupia 300,000 kwa kila kaya iliyostahili kujengewa, na tangu mwanzo ilieleweka kwamba mwenye nyumba atajazia mwenyewe.

Ndiyo maana jambo la kuuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza fedha zitatoka lini, ni kanuni inayotumika kukokotoa. Louisiana, Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, kulianzishwa mpango ulioitwa Road Home wa kuwasaidia wenye nyumba, kikomo kikiwa dola 150,000. Kanuni yake ilichukua kiasi kilicho kidogo kati ya viwili: thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, au gharama ya kurekebisha uharibifu. Kwa hiyo nyumba mbili za ukubwa mmoja, zilizoharibika sawasawa, ziliweza kupewa fedha tofauti kabisa kwa sababu tu moja ilikuwa kwenye kitongoji ambacho soko linakidharau. Vitongoji hivyo vilikuwa zaidi vya Wamarekani weusi. Kesi ilifunguliwa mwaka 2008, ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2011. Mbao na saruji hazikupungua bei kwa kuwa kitongoji ni cha watu wa chini. Kanuni ilikuwa mbovu na waliolalamika walikuwa na haki, lakini hata wakati wa kulalamika, aliyeisoma mapema alijua ukubwa wa pengo lake na aliweza kujenga vyumba viwili vikakamilika badala ya kuanza vitano vikabaki kuta.

Saa 48 za kwanza baada ya maji kushuka zina kazi mbili zinazogombana. Unatakiwa kukausha haraka, kwa sababu ukungu huanza kuota kwenye vitu vilivyolowa ndani ya saa 24 hadi 48. Unatakiwa pia kuacha ushahidi mpaka mthamini afike, na mthamini anaweza kufika baada ya wiki tatu. Wengi huchagua kimoja. Wanaosafisha kila kitu humpokea mthamini kwenye nyumba tupu iliyopigwa deki, naye huandika anachokiona. Wanaongoja hukuta godoro, dari na mbao zimeota ukungu ambao ungeepukika, na bima nyingi hukataa hasara iliyoongezeka kwa sababu mwenye mali alikaa tu. Njia ya katikati ni kupiga picha, kukata vipande vya ushahidi, kisha kusafisha bila kumngoja mtu.

Kabla ya kuingia, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Kama swichi imelowa, au huifikii bila kukanyaga maji, iache kwa fundi umeme. Halafu picha zianzie nje, pande zote nne. Kwenye alama ya maji ukutani ishike tepu ya kupimia kutoka sakafuni kwenda juu, ili namba isomeke ndani ya picha. Ndani, kila chumba kipigwe kutoka pembe mbili zinazotazamana, kisha ukuta mmoja mmoja, kisha vitu. Friji, pampu, cherehani na chochote chenye mota kipigwe pia ile plati ya nyuma yenye modeli na namba yake. Ufa usipigwe picha ya karibu peke yake, maana ufa wa karibu unaweza kuwa wa nyumba yoyote duniani. Piga ya mbali inayoonyesha dirisha au mlango unaojulikana, halafu sogea, weka rula au sarafu kando ya ufa, piga tena. Zulia, godoro na ubao wa dari ambavyo lazima vitupwe, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kikaushe, kiandikie chumba kilikotoka, kiweke kwenye mfuko. Picha zote zitumwe siku ileile kwa ndugu aliye mbali na eneo la maafa. Simu iliyobeba ushahidi wote huwa ndiyo inayoibwa kambini.

Orodha ya mali iandikwe na watu wote wa nyumba kwa pamoja, chumba kwa chumba, droo kwa droo. Mtu mmoja akiandika kwa kumbukumbu zake husahau nusu, hasa vitu vya jikoni, nguo za watoto na vifaa vya kazi. Picha za zamani za sherehe husaidia sana, kwa sababu nyuma ya watu wanaotabasamu ndiko kuliko na kabati, redio na feni. Kila mstari uwe na kitu, idadi, chumba, mwaka wa kununuliwa hata wa kukadiria, hali kilivyo sasa, gharama ya kupata kingine kama hicho, na ushahidi uliopo. Pale pasipo na risiti andika "hakuna risiti, kuna picha" au "shahidi jirani". Orodha yenye mapengo yaliyoandikwa wazi huaminika zaidi kuliko ile ambayo kila kitu kina bei ya namba nzima iliyokadiriwa tu.

Karatasi zilizolowa zisibanduliwe. Hapa watu wengi huharibu hati ambayo maji yenyewe hayakuiharibu. Suuza tope la nje kwa maji safi zikiwa bado zimeshikana, zitie kwenye mfuko wa plastiki, zigandishe kwenye friza yoyote utakayoazimwa. Baridi haizikaushi, ila inazuia ukungu na inazuia wino usiendelee kusambaa, nawe unapata wiki kadhaa za kutafuta nafasi. Baadaye zitolewe chache chache, zikaushwe kivulini penye upepo, karatasi nyeupe za kunyonya maji zikiwekwa katikati na kubadilishwa kila zinapolowa. Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, vitabu vya kumbukumbu za ardhi viliokolewa kwa njia hiyohiyo: viligandishwa kwanza, kukausha kukafuata.

Aceh kuna funzo jingine kuhusu ardhi. Palipopotea hati pamoja na alama za mipaka, majirani waliobaki walikutana, wakakubaliana kila mmoja aliishia wapi, wakatia saini, ndipo kazi ya hati mpya ikaendelea. Maelewano ya namna hiyo yafanywe mapema, watu wangali karibu. Miezi ikipita, jirani wa kushoto amehamia kwa mwanawe, wa kulia amefariki, na anayebaki kushuhudia mpaka wako ni mtu mwenye hamu na kipande chako. Karatasi moja yenye mchoro wa mkono, vipimo kwa hatua au kwa kamba, majina na saini za majirani wa pande zote na kiongozi wa eneo kama shahidi, inatosha kuanzia. Waliorithi nyumba bila kubadilisha jina ndio wanaoumia zaidi. Marekani, familia nyingi zinazokaa kwenye nyumba ya babu bila hati kwa jina lao zilinyimwa msaada kwa miaka mingi kwa kukosa uthibitisho wa umiliki, mpaka Septemba 2021 FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, lilipoanza kukubali aina nyingi zaidi za ushahidi, na kwa baadhi yao maelezo ya maandishi ya mwenye nyumba mwenyewe. Bili za maji na umeme, risiti za kodi ya jengo na barua zilizotumwa kwenye anwani hiyo zisitupwe hata zikiwa za miaka kumi nyuma.

Usajili unaonekana kazi rahisi, na ndipo maombi mengi hufia. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama mtaani unaitwa vingine. Kaya moja iandikishwe na mtu mmoja. Mume akijiandikisha kambini na mke kwa ofisi ya eneo, mfumo huona udanganyifu na huyafunga maombi yote mawili, na kuyafungua huchukua muda mrefu kuliko kungoja foleni. Kinyume chake, nyumba moja yenye kaya mbili zinazopika mbalimbali lazima iseme hivyo waziwazi siku ya kwanza, na mpangaji ajiandikishe mwenyewe kwa mali zake, asidhani maombi ya mwenye nyumba yanamhusu. Andika tarehe, jina la ofisa na namba ya maombi kwenye daftari kabla hujaondoka mezani. Na anayedai ada ili akuingize kwenye orodha ni tapeli, hata akiwa na kizibao chenye nembo.

Siku ya tathmini uwepo mwenyewe. Wathamini hukagua nyumba nyingi kwa siku na wengi wana dakika chache kwako. Wanaona kuta na paa. Hawaoni shimo la maji taka lililotitia, kisima kilichoingia maji machafu, nyaya zilizolowa ndani ya ukuta, wala mlango uliokuwa ukifunga vizuri mwezi uliopita na sasa unakwama juu. Waandikie kwenye karatasi moja, mistari sita au saba, wapitie huku mkitembea. Usiongeze chumvi, kwani jambo moja likigundulika la uongo hata ya kweli hutiliwa shaka. Lakini usipunguze pia. Watu wenye heshima zao husema "tunashukuru, si vibaya sana," na maneno hayo huandikwa.

Mfano wa Japani unaonyesha kwa nini sentimita chache zina thamani ya fedha. Huko kila nyumba hupewa cheti cha kiwango cha uharibifu, na cheti hicho ndicho kinachofungua ruzuku, unafuu wa kodi na mengineyo. Uharibifu wa asilimia 50 au zaidi huhesabiwa kuwa nyumba imeangamia, na ngazi nyingine huteremka kumi kumi chini yake. Baada ya tetemeko ukaguzi wa kwanza huangalia nje. Moja ya vipimo vyake ni mwinamo wa ukuta au nguzo: ukifika sehemu 1 kwa 20, nyumba imeangamia bila kuhesabu kingine. Kipimo hicho anaweza kukifanya mtu yeyote mwenye timazi. Ninginiza uzi wenye kizito kando ya ukuta, teremka sentimita 120 kutoka pale ulipoufunga, pima umbali wa uzi na ukuta juu na chini. Tofauti ikiwa sentimita 6, ndiyo 1 kwa 20 hiyo. Pima kwenye pembe zote nne, piga picha rula ikionekana. Asiyeridhika na ukaguzi wa nje anaweza kuomba wa pili, ambao huingia ndani ya nyumba, na mara nyingi uharibifu wa sakafu na kuta za ndani ndio unaoipandisha ngazi. Hata pale ambapo sheria ni nyingine, vipimo vyako mwenyewe vyenye tarehe humlazimisha mthamini aeleze kwa nini vyake ni tofauti.

Barua ya kukataliwa si mwisho wa safari. Marekani, barua ya FEMA isemayo huna sifa za kupewa msaada mara nyingi humaanisha karatasi fulani haikuonekana, saini imekosekana, au bima haijatoa jibu lake. Mwombaji ana siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa, na wengi huziacha zipite kwa uchungu. Rufaa nzuri ni ukurasa mmoja: namba ya maombi, sababu waliyoitaja wao kwa maneno yao wenyewe, jibu lako kwa sababu hiyo moja tu, orodha ya viambatisho, saini. Historia ya mateso ya familia huwekwa kando, si kwa kuwa haina maana, ila ofisa anayesoma hana kisanduku cha kuiweka. Kama sababu ni gharama ndogo waliyokadiria, ambatisha makadirio ya fundi yaliyochambuliwa: mita za mraba za ukuta, idadi ya mabati, siku za kazi. Makadirio ya jumla ya mstari mmoja hayasaidii.

Sasa tuje kwenye awamu, ambako watu wazima wenye akili zao hukwama. Rupia 300,000 za Nepali zilitolewa mara tatu: 50,000 baada ya kusaini mkataba, 150,000 baada ya mkaguzi kuupitisha msingi, na 100,000 kuta zikishafika hatua iliyowekwa. Mantiki yake ni nzuri, kwani serikali haitaki kulipia nyumba itakayoanguka tetemeko lijalo. Shida ni kwamba awamu ya kwanza humfikia mtu mwenye madeni, mgonjwa na watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada. Ikiliwa, msingi haujengwi. Msingi usipojengwa, awamu ya pili haiji. Na anayekopa ili aanze msingi hulipa riba iliyokula ruzuku yote. Kuna pia waliojenga haraka kabla ya kusoma masharti, wakakosa mikanda ya kufunga kuta iliyotakiwa, wakaambiwa warekebishe kwanza. Na wengi walijenga chumba kimoja tu, kidogo, ili wakamilishe masharti wapate fedha, kisha familia ikaendelea kulala kwenye kibanda cha zamani kando yake.

Tunachoshauri kwa awamu ya kwanza ni kigumu lakini hakina mbadala: inunue tu vile ambavyo mkaguzi atakuja kuviangalia. Chukua orodha yake ya ukaguzi, siyo ramani yako, na utoe humo idadi ya mifuko ya saruji, nondo, mawe na siku za fundi mpaka mstari wa ukaguzi. Vifaa viletwe mara moja na risiti zibaki. Mahitaji ya chakula na dawa yatafutiwe mlango mwingine, ule wa msaada wa dharura, ambao kwa kawaida uko wazi wakati huohuo na hauulizi habari za msingi. Na kabla msingi haujafukiwa, pigia picha nondo zake na kina chake kwa tepu, kwa sababu mkaguzi akichelewa na wewe ukafukia, atakutaka uchimbue.

Upande wa bima na michango, kanuni ya nchi nyingi ni kwamba hasara moja hailipwi mara mbili. Tuseme hasara ya nyumba ni 100. Bima imelipa 40. Serikali itaangalia 60 zilizobaki, na kama kikomo chake ni 25 utapata 25, pengo lako ni 35. Ukipewa 25 na serikali kabla bima haijajibu, kisha bima ikalipa 90, unadaiwa urudishe 15. Ndiyo sababu maombi ya serikali hungoja barua ya bima, na kuichelewesha bima ni kujichelewesha mwenyewe. Michango ya ndugu na marafiki inayotajwa kuwa "ya kukarabati nyumba" nayo huweza kuhesabiwa kwenye pengo hilohilo. Iliyotajwa kuwa ya matumizi ya familia kwa kawaida haigusi ruzuku ya nyumba. Mchangishaji asiandike maneno kwa kubahatisha. Aandike mahitaji halisi ambayo hayana mlango mwingine.

Nyuzilandi walipata somo la namna yake. Mfuko wa umma wa matetemeko ulibeba dola 100,000 za huko, kodi ikiongezwa juu yake, kwa kila nyumba, na kinachozidi kikawa cha kampuni ya bima. Tetemeko la 4 Septemba 2010 lilifuatwa na la 22 Februari 2011 lililoibomoa Christchurch. Kwa kuwa kikomo kilihesabiwa kwa kila tukio, ikabidi kila ufa ugawiwe tetemeko lake, na nyumba zilizokuwa karibu na mstari wa kikomo zikarushwa huku na huku kwa miaka. Asiyekuwa na picha za katikati ya matukio hayo mawili hakuwa na cha kubishania. Baada ya kila tikiso au kila mafuriko mapya, piga picha upya hata kama ulishapiga mwezi uliopita.

Madeni hayasimami kwa sababu nyumba imesombwa. Mpigie anayekudai kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, na umwombe kwa maandishi asogeze. Kisha muulize mambo matatu, maana unafuu mwingine ni mtego: je, riba inaendelea kuhesabiwa wakati wa mapumziko? Marejesho yaliyorukwa yanahamia mwisho wa mkopo, au yanadaiwa yote siku mapumziko yanapoisha? Taarifa itapelekwa kwenye kumbukumbu za wakopaji kama deni lililochelewa? Tumeona watu waliopewa miezi mitatu ya mapumziko wakadaiwa marejesho manne ya mkupuo mwezi wa nne. Fedha ikiwa haitoshi wote, tangulia deni ambalo lisipolipwa linachukua paa au kifaa cha kazi. Mwenye kelele nyingi asiwe ndiye anayelipwa kwanza.

Kipato kirudi kabla ya ukuta. Hili hukataliwa na wengi kwa kuwa nyumba inaonekana na mtaji hauonekani, lakini kaya iliyonunua upya cherehani, toroli au mbegu huweza kujazia pengo la ujenzi miezi sita baadaye, na iliyomaliza kila kitu kwenye plasta huishia kuuza milango. Kwa sababu hiyohiyo, chombo cha kazi, mnyama anayezaa na kiwanja visiuzwe wiki za mwanzo. Eneo zima huwa linauza kwa wakati mmoja, bei huanguka, na kukirudisha ulichouza hugharimu mara kadhaa. Kama lazima kitu kiuzwe, kiwe kile kisichoingiza chochote. Wanunuzi wa viwanja hufika mapema sana baada ya maafa, wakiwa na fedha taslimu na karatasi tayari ya kusainiwa.

Mafundi nao huja kwa wimbi. Bei hupanda kwa sababu kila mtu anajenga, na wasiojulikana hutaka malipo ya awali makubwa kisha hupotea. Gawanya malipo kwa kazi inayoonekana, nunua vifaa mwenyewe, na bakiza sehemu ya mwisho mpaka mvua moja inyeshe juu ya paa jipya. Usikubali ukuta ufungwe au sakafu ifunikwe ikiwa bado na unyevu, hata kama fundi anaharakisha. Kwenye sakafu ya zege bandika kipande cha nailoni cha karibu nusu mita kwa nusu mita, kizibwe kwa tepu pande zote, kilale usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande chini yake au zege imekoza rangi, ongeza siku za kukausha, urudie. Vigae na rangi zilizowekwa juu ya unyevu hubanduka ndani ya miezi, na ruzuku haitoki mara ya pili kwa kazi ileile.

Jalada lako litunzwe muda mrefu baada ya nyumba kukamilika, kwa sababu serikali huweza kurudi kudai. Baada ya Katrina, wako Wamarekani walioandikiwa barua miaka mingi baadaye wakitakiwa kurudisha fedha ambazo FEMA ilisema zilitolewa kimakosa, hadi sheria ya mwishoni mwa 2011 iliporuhusu baadhi ya madai hayo yafutwe. Aliyekuwa na barua ya kuidhinishiwa, risiti na picha alijibu kwa bahasha moja. Weka nakala mbili: moja ndani ya mfuko usiopenya maji mahali pa juu, nyingine kwa mtu anayeishi bonde tofauti na lako. Ndani yake ziwemo barua zote za maamuzi kwa mpangilio wa tarehe, masharti ya matumizi uliyosaini, risiti zikiwa zimenakiliwa kwa sababu wino wa risiti za mashine hufutika, picha za kila hatua ya ujenzi, na daftari lenye majina ya maofisa uliozungumza nao. Kama moja ya masharti ni kuendelea kuwa na bima, kama ilivyo kwa wengi wanaopewa msaada kwenye maeneo ya mafuriko nchini Marekani, weka humo na uthibitisho wa malipo ya kila mwaka. Bima ya mafuriko ya huko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, kwa hiyo usingoje kuinunua wingu likishatanda.